Mtihani wa Kompyuta Zilizotiwa Ugonjwa

Hapana, si mimi niliharibu hizo kompyuta. Najua ndio unataka kuuliza, kwa sababu kila mtu akisikia nyumba yangu ilijaa kompyuta mbovu, zimepangwa juu ya meza za kanisa kama sufuria za harusi, anaanza kuniangalia mikono. Aliyeharibu ni msichana wangu, kitinda mimba, mwenye digrii. Aliketi hapo mchana na chai yake, akafungua ya kwanza, akabonyeza bonyeza, akacheka peke yake, akashika ingine.

Nikamwambia, "Kwani ulisomeshwa miaka hiyo yote ndio uje kuvunja vitu?"

"Sivunji, Mami. Natia ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Kila moja na wake. Kesho watu wanakuja kutibu."

Yeye huongea hivyo, kifupi, kama mtu anapiga simu na kredo inaisha. Basi akanionyesha. Hii imekataa paswadi ya mwenyewe. Ile imejaa takataka mpaka haina mahali ya kuandika hata neno moja. Ingine iko mzima kabisa, inajua kazi yake, lakini haioni mlango wa kutoka kwenda kwa mtandao, imefungiwa ndani kama ng'ombe siku ya mvua. Na kwa nje hujui! Zote zinang'aa tu. Nikamwambia hizi ni kama wanaume wa Kanyakine, kule nilizaliwa, ukiwatazama kanisani hakuna mwenye shida. Hata hakuinua kichwa.

Wewe unayeandika, usinisafishie Kiswahili. Weka vile nasema. Mimi sikuenda shule hata siku ya mvua. Kiswahili nilifunzwa na soko ya Meru, nikiuza ndizi karibu na bucha ya Mwislamu mmoja mwenye sauti ya kupendeza. Kila asubuhi anasimama hapo na kofia yake, "Bibi, hizi ndizi zako zimeiva au zimechoka?" Na mimi namrudishia na sauti yake mwenyewe, "Bwana, hiyo nyama yako imechinjwa au imejifia?" Wateja wanashika meza kwa kicheko. Hapo ndio nilijua mdomo wangu unaweza kuvaa mtu mwingine kama kanzu. Sijawahi kuacha. Padri mwenyewe ananiogopa.

Sasa kazi ya msichana wangu ni kuangalia mashine. Si hii ya karani unaona mezani. Kuna ile mashine ingine inaitwa seva, hiyo inakaa kwa chumba yake ya baridi, haisalimii mtu, na ndio inabeba kazi ya hizo zingine zote. Hiyo ikilala, zahanati haijui mgonjwa ni nani, shule haijui mtoto amefanya mtihani gani, kila mtu anapiga kelele na wote wanapigia simu mtu mmoja. Huyo mtu ndio yeye. Hata akiwa kwa mazishi simu inalia.

Na programu wanatumia ni zile zinaitwa huria. Nilimuuliza huria ni nini, akanieleza mpaka nikasinzia. Mwisho nikamwambia, ngoja, hiyo ni kama mbegu ya maharagwe. Kuna ile ya duka, unanunua kila msimu, na ukipanda ya mwaka jana inakuchekelea. Halafu kuna ya kwetu. Jirani anakupa kwa kikombe, unapanda, unachagua nzuri, na wewe unagawia mwingine. Hakuna mwenye anasema hii mbegu ni yangu. Akasema, "Hapo, Mami. Hivyo tu." Tangu hiyo siku anaenda na maharagwe yangu kwa mikutano, watu wanampigia makofi, na hasemi alitoa wapi.

Lakini mbegu ya kugawiana haina pakiti. Hiyo ndio ilikuwa shida yao. Mtu anajifunza hizi mashine kwa kuuliza wenzake, kwa simu, kwa kujaribu, mpaka anajua. Halafu anaenda kuomba kazi mahali, anaulizwa, "Cheti iko wapi?" Vyeti viko, lakini vinatoka mbali, vimetungwa na watu hawajawahi kuona stima ikipotea katikati ya kazi. Basi msichana wangu na wenzake wawili wakasema watatengeneza cheti ya huku. Ya Meru na Embu. Mtu akiwa nayo, mwajiri asimame amsalimie.

Na haikuwa maneno ya kupitisha wakati. Kampuni yake ilikuwa imemwambia ofisi ya Meru inafungwa, kazi inahamia Nairobi, na mwisho wa mwezi aseme kama anafuata au anaacha. Nairobi alikuwa ameishi kitambo. Alirudi amekonda, anafunga mlango mara mbili hata mchana, hajui majina ya majirani. Akasema harudi. Sasa kama waajiri wakikubali hiyo cheti, kituo ya mtihani ingekuwa hapa Kaaga, shule ziko kila upande, watu wamezoea kufanya mitihani, na yeye ndiye angekuwa mwenye kituo. Wakikataa, anafunga sanduku. Yeye alisema mara moja tu, akimenya ndizi na mimi. "Hii ikikataa, Mami, nitaenda."

Mimi nikamwambia, "Enda hata leo! Nipumzike na hiyo simu yako." Lakini kila Jumamosi nilikuwa naamka kupikia hiyo kamati mukimo, ndizi zimepondwa pamoja na njahi, yale maharagwe meusi. Na mimi, uliza mtu yeyote hapa Kaaga, sipikii kitu sitaki.

Kamati yenyewe ilikuwa hao watatu. Msichana wangu umeshamsikia. Wa pili ni mwanaume wa Embu, mkubwa kama lango, anaangalia mashine za viwanda vya chai na kahawa huko kwao. Huyo akianza kuongea unaweza kwenda kuchota maji na urudi. "Sasa... cucu... mimi... naona..." Na wewe cucu, nyanya wa watu, unasimama na kijiko unangoja aone. "Naona... hii mukimo... iko sawa." Asante, baba! Watoto wangu wamezaa nikingoja hiyo sawa.

Wa tatu ni msichana wa Kiirua, anapelekea mashamba ya maua mtandao. Huyo ni kama mvua kwa mabati. "Shosh, manze, hii chai imeweza, niongeze, halafu nichaji simu hapa, halafu wewe wa Embu nimesoma ile kitu yako usiku na ni uongo mtupu!" Kabla umalize kumwangalia kikombe kimeisha na vita vimeanza.

Waligombana! Jumamosi ya kwanza waligombana juu ya ukoo. Hizo programu huria ziko na koo, kama sisi, zote zimetoka kwa babu mmoja lakini kila mmoja anasema wa kwake ndio wanakula vizuri. Wa Kiirua anasimama, "Hiyo yako ni ya wazee! Inakaa miaka bila kubadilika!" Na wa Embu, hajainuka hata kidogo, "Na hiyo yako... nikilala... nikiamka... ni kitu ingine." Nilikuwa naenda jikoni kuwaigiza wote wawili, mimi na ng'ombe peke yetu, kwa sababu mbele yao ningeharibu kikao. Msichana wangu akawaacha wachoke, halafu akasema, "Mtihani utauliza kazi. Hautauliza ukoo." Ikaisha.

Jumamosi ingine wakaanza kutafuta kazi yenyewe ni nini. Kila mmoja aseme tangu asubuhi mpaka jioni anafanya nini, ndio wajue mtu atapimwa na nini. Wa Kiirua akasema vitu mpaka akakosa pumzi: kufungulia watu wapya mlango, kufungia wale wameacha kazi, kuweka nakala ya kila kitu pembeni ndio ikiharibika iwe iko, kusoma yale mashine imeandika juu ya ugonjwa wake. Wa Embu akaulizwa na yeye asubuhi anafanya nini.

"Asubuhi... naenda... naangalia kama... bado inapumua."

"Halafu?"

"Nakunywa... chai."

Wa Kiirua akacheka mpaka akatoka nje. Lakini hata hiyo waliiweka. Kuangalia kama bado inapumua.

Mwanzo walikuwa wanataka mtihani wa karatasi. Swali moja, majibu manne, mtu achague. Walitunga nyingi. Na msichana wangu akasema lazima wajaribu na mtu hajui kitu kabisa, ndio waone kama swali ni zuri. Wote watatu wakageuka wakaniangalia. Nikasema, "Muga! Hamjambo, wakubwa! Leo nimekuwa na kazi ya ofisi." Nikafunga kitambaa vizuri, nikaketi kiti cha mbele, mikono kwa magoti kama mtoto wa nasari.

Msichana wangu akanisomea kwa Kiswahili. Nikachagua. Akasoma ingine. Nikachagua. Wakaanza kuangaliana. Nilikuwa napata! Si zote, lakini nyingi kuliko mtu wa ng'ombe anapaswa. Wa Kiirua akaruka, "Shosh, kwani wewe ni haka, wale wa kuingilia kompyuta za watu?" Nikamwambia sijui hata hiyo seva ina miguu mingapi. Nilikuwa nasikiliza tu sauti ya msichana wangu. Mimi nimemzaa. Akifika kwa jibu la kweli sauti yake inakaa chini kama kuku kwa mayai.

Basi wakasema asome wa Kiirua, ambaye anasoma kila kitu kama anafukuzwa. Hapo sauti haikunisaidia. Lakini bado nikapata, si haba. Wa Embu akaniuliza, "Sasa... cucu... unajuaje?"

Nikamwambia, "Nachagua ndefu. Yale mengine mmeandika haraka haraka mwende kula. Ile ya kweli mmeiogopa, mmeiwekea maneno mingi ndio isikosewe."

Walirudi kwa zile karatasi zao, wakapima na macho, ndefu, ndefu, ndefu. Msichana wangu akashika kichwa. Wa Kiirua akasema, "Tumekwisha." Nikaambia wao wanipe cheti yangu nianze kazi Jumatatu, nitaangalia kama bado inapumua.

Hapo ndio waliacha karatasi. Wakasema mtu apewe mashine mgonjwa, aitibu, na akishindwa hakuna kuchagua ndefu. Na hiyo ndio sababu nyumba yangu ilijaa kompyuta mbovu, kama utauliza tena.

Ilibaki maneno moja, na hiyo moja ilimaliza Jumamosi mbili. Mtu akiwa kwa mtihani, aruhusiwe kuuliza mwenzake ama hapana?

Wa Kiirua, "Exam ni exam! Ukiuliza jirani umeiba!"

Wa Embu akavuta kiti. Nikajua tuko hapo mpaka jioni. "Mimi... tangu nianze hii kazi... sijawahi... tibu mashine... bila kuuliza mtu. Hata wewe... Jumanne... uliniuliza."

"Hiyo ilikuwa kazi!"

"Na hii... tunapima... nini?"

Wa Kiirua akafungua mdomo, akafunga. Mimi hiyo nimeona mara moja tu, ningeita mpiga picha. Wa Embu akaendelea, pole pole, kwamba mtu wa mashine huria anajua kazi kwa kuuliza vizuri, na anayejifungia peke yake na ugonjwa ndio anaua mashine. Kama mnakataza kuuliza, mnapima watu wa kazi ingine. Msichana wangu alikunywa kikombe mbili akifikiria. Alikuwa anaona waajiri watasema nini. Alikuwa anaona pia huyu ndugu wa Embu anasema kweli. Mwisho akasema, "Sawa. Kuuliza ni ruhusa. Lakini kila mtu na mashine yake." Wa Kiirua akaandika hivyo. Wakaketi wakala. Na hakuna mmoja wao aliuliza kuuliza kunaishia wapi.

Basi ile siku ya kujaribu ikafika. Watahiniwa walikuja mapema, watu wa mashine kutoka kila mahali, Nkubu, Maua, Chuka, Siakago, wengine wa Meru hapa mjini. Watu wazima, wenye watoto, wamevaa kama wanaenda kuposa. Mama mmoja wa Maua, anaangalia mashine za zahanati, alikuja na kitambaa yake ya kupanguza kioo. Nikawaonyesha choo, nikawaonyesha maji, nikawaambia ng'ombe hapigi teke mtu wa kompyuta.

Halafu mgeni akafika kutoka Nairobi. Huyu alitumwa na chama ya waajiri. Wenzake walikuwa wakutane Jumatatu, waseme cheti inakubaliwa ama hapana, na wangesema kile yeye ataenda kuwaambia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akatoka kwa gari na miwani yake, shati nyeupe, na akafungua mdomo kama mtu wa habari ya saa moja jioni. "Mama, nimefurahishwa mno na mandhari haya. Hewa hii ni safi ajabu." Sijui nini kilinishika. Nikamjibu na hiyo sauti yake yote, shingo imenyooka, "Karibu sana, mtazamaji. Na sasa tuelekee katika habari za michezo."

Msichana wangu akafunga macho. Lakini yule mtu akacheka mpaka akatoa miwani akapanguza. Akaniambia mke wake pia humwigiza hivyo hivyo. Hapo nikashindwa kumchukia, nikamletea uji.

Mtihani ukaanza. Kimya! Unasikia tu vidole, kama kuku wakidonoa mahindi kwa bati. Kila mtu na mashine yake. Mtu akikwama anainua kichwa, anauliza wa kando pole pole, anajibiwa, anarudi. Vizuri kabisa. Mgeni anatembea nyuma yao mikono mgongoni, anaitikia na kichwa. Nilimwona msichana wangu ukutani, uso umefunguka. Kitu kama hicho sikuwa nimekiona tangu atoke Nairobi.

Baada ya kitambo mgeni akamwita nje wakaongea habari ya kituo. Chumba itakuwa wapi, stima ikipotea itakuwaje, wangapi kwa mara moja. Walikaa huko kwa veranda. Ndani wakabaki wasimamizi, wa Embu na wa Kiirua.

Na mimi mukimo ilikuwa imeiva. Nikatoa kichwa kwa mlango wa jikoni nikasema kile mtu yeyote husema. Usiniangalie hivyo, nilisema maneno ya chakula tu. Nilisema, "Chakula iko tayari, lakini kwangu hakuna mtu anakula kabla mstari wa mwisho umalizwe."

Huku kwetu watu wanalimiana. Leo tuko kwa shamba yako, kesho yangu, na mwenye shamba ndiye anapika. Kila mtu anapewa mstari wake, lakini mkono wa mmoja si wa mwingine. Ukimaliza wako hukai chini ukitazama jirani akihangaika. Unaingia mstari wake kutoka ule upande mwingine, unamlimia ukija, mnakutana katikati, mnacheka, mnaenda kwa mwingine. Na hakuna mtu anakula mpaka wa mwisho amalize. Mimi nimelima hivyo tangu nikiwa msichana, na hao watu wote na digrii zao ni watoto wa mama kama mimi.

Mmoja wa Chuka alikuwa amemaliza ya kwake. Aliangalia mlango wa jikoni. Akaangalia mama wa Maua, ambaye alikuwa amekwama mpaka amevua viatu. Akainuka, akavuta kiti chake, akaketi kando yake. "Mama, wewe uko hapa. Wacha mimi nianzie huku chini."

Na wakakutana katikati! Ile mashine ikawaka, mama wa Maua akapiga makofi, wakaenda wote wawili kwa wa Siakago. Wa Nkubu akamaliza, akaenda huko pia. Viti vinavutwa, wanainama, mmoja anasema, mmoja anabonyeza, mwingine anapitisha mkono juu ya bega la mwenzake. "Si hapo, rudi." "Hapo! Ngoja, ngoja." "Kwani hii aliyeitia ugonjwa ana roho gani?" Wa Kiirua alisimama katikati akipiga kelele, "Jameni, kila mtu na yake! Jameni!" Halafu akaona kitu kwa kioo cha mtu, akasema, "Ai, si hivyo, leta hapa," na akapotea ndani ya migongo. Nikatafuta wa Embu anisaidie kucheka. Wa Embu, msimamizi, alikuwa amepiga magoti kwa sakafu yangu, anaelekeza na kidole, "Hapo... jaribu... hapana... hapo."

Nimeona mavuno mengi. Nimeona watu wakimaliza kahawa mvua ikija. Sijaona kitu tamu kama hiyo. Walimaliza ya mwisho wote wakiwa juu ya meza moja, wakapiga kelele mpaka ng'ombe akajibu, na mimi nikaanza kupakua.

Mlango ukafunguka. Mgeni na msichana wangu. Mashine zote zinapumua. Watu wote wamesimama pamoja, jasho, wanacheka, sahani mkononi.

Mgeni alifurahi. Nasema kweli, alifurahi. Alikula, akaongezwa, akasema njahi ya namna hii hajala. Halafu akaweka mkono juu ya ile mashine ya kwanza. "Hii ilitibiwa na nani?"

"Ni sisi," mama wa Maua akasema.

"Naam. Lakini hasa hasa, ni nani?"

"Mimi nilianza huku, huyu akaja kutoka huko."

"Na hii?"

"Hiyo ni sisi," wa Siakago.

"Na ile pale?"

"Sisi," watu kama wanne, na midomo imejaa.

Hakuna hata mmoja angesema mimi. Ungeanzaje? Umewahi kusikia mtu kwa shamba ya kulimiana akisema huo mstari ni wangu? Angelimiwa na nani tena? Mgeni akamgeukia wa Embu. "Ndugu yangu, hebu tuseme mashine imelala kiwandani kwako, na hawa wote hawapo. Utafanyaje?"

"Napigia... hao... simu."

"Na ikiwa simu haina mtandao?"

Wa Embu akafikiria. Tukangoja. "Napanda... kilima."

Nyumba ilicheka, na mgeni alicheka kuliko wote. Mimi nikaona, imepita. Mtu akicheka hivyo na sahani yangu mkononi hawezi kukataa. Na kweli akaweka sahani chini, akapanguza mdomo, akaongea hata ile sauti ya habari ikamtoka, akawa mtu tu.

"Mimi nimependa. Sitaficha. Jumatatu nitawaambia wenzangu hii kitu ianze, na ianze hapa." Wa Kiirua akanifinya mkono mpaka leo nasikia. "Nataka neno moja tu. Dada, wewe ndiye uliyetunga mtihani. Wataniuliza. Niambie hawa wote, kila mmoja kwa jina lake, akienda kazini peke yake, ataweza. Weka sahihi, mimi nibebe. Siulizi kingine."

Kila mtu akamwangalia msichana wangu. Mimi nilikuwa naitikia na kichwa kwa niaba yake mpaka kitambaa kikaanguka. Mama wa Maua alikuwa anaitikia. Wa Kiirua anasema kwa meno, "Sema ndio. Sema ndio. Sema ndio." Ilikuwa neno moja, na yeye ni mtu wa neno moja.

Akaacha kikombe. Akatembea mbele ya meza, akaangalia mashine ya kwanza, akaangalia hiyo ingine, mpaka ya mwisho, zote nzima, zote zinang'aa. Akaangalia hao watu mmoja mmoja, na unajua aliwapenda, ilionekana. Akarudi akasimama mbele ya mgeni.

"Siwezi," akasema. "Sijui hata mmoja wao, akiwa peke yake, anajua nini."